"Nipite Mlango Gani?": Kisa cha Uwakili katika Usharika Mmoja

Uwakili ninaousema hapa ni usimamizi wa mali isiyo yako, si kazi ya mahakamani. Usharika unaozungumzwa hapa umeniruhusu kukisimulia kisa chake kwa sharti kwamba asitambulike mtu wala mahali. Kwa hiyo dhehebu sikulitaja, viwango vya fedha nimeviondoa, na baadhi ya mambo madogo yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha. Mpangilio wa matukio ni ule ule. Mimi niliwahi kuwa mhazini wa usharika mwingine kwa miaka 9, na mchungaji wa hapa aliniita niwasindikize mambo yalipokuwa yameshaharibika. Sehemu ya kwanza ya kisa, basi, naisimulia kwa kuambiwa, iliyobaki niliiona.

Usharika wenyewe

Washarika watu wazima wanakaribia 300, ingawa Jumapili ya kawaida ibadani huonekana kama 200. Baraza la wazee lina watu 12. Mchungaji alikuwa kwenye mwaka wake wa nne, mtu mpole, msomaji, asiyependa kuzungumzia fedha madhabahuni. Upole huo ulikuwa na gharama yake: suala la fedha aliwaachia wazee, na wazee wakaliachia shinikizo.

Shinikizo lilikuwa ukumbi. Kuta zilikuwa zimefika usawa wa linta, na hapo zilisimama miaka mitatu, nyasi zikiota ndani. Kila Jumapili, baada ya sadaka ya kawaida na bahasha za zaka, yaani fungu la kumi, mzee wa zamu alisimama na karatasi: mchango wa ukumbi, sare za kwaya, safari ya vijana, spika iliyoungua, mgonjwa aliyelazwa, fungu la wahitaji. Nilipopitia matangazo ya mwezi mmoja nikakuta watu wameombwa mara 11 katika Jumapili 4. Hakuna hata mara moja walipoambiwa kilichotolewa wiki iliyopita kilifanya nini.

Mhazini alikuwa mama mstaafu, ameshika kazi hiyo miaka 14. Alibeba sadaka nyumbani kwake Jumapili mchana, akahesabu peke yake, akaandika kwenye daftari, Jumatatu akapeleka benki. Fedha zote zilikuwa kwenye akaunti moja. Mgawanyo wa mafungu ulikuwa kwenye daftari lake tu. Taarifa ilisomwa mara moja kwa mwaka, dakika za mwisho za mkutano mkuu, watu wakiwa wameshabeba mikoba.

Niseme mapema: hakuna aliyeiba. Wasomaji wengi wa visa vya namna hii husubiri mwizi ajitokeze. Hapa hayupo, na ndiyo sababu kisa kinafaa kusomwa.

Orodha mlangoni

Makusanyo ya bahasha yalikuwa yakishuka kwa mwaka mzima. Katika kikao kimoja mzee mmoja, mtu mwenye bidii na mtoaji mzuri yeye mwenyewe, alisimama na Malaki 3:8, lile swali la mwanadamu kumwibia Mungu, akasema washarika wameizoea huruma. Akapendekeza ibandikwe kwenye ubao wa mlangoni orodha ya majina yote, na mbele ya kila jina miezi aliyotoa zaka. Asiyetoa, nafasi yake iachwe wazi.

Wazee wawili walipinga. Kumi walikubali, na sababu zao ni haki nizieleze. Waliamini kwamba jambo likifanyika hadharani watu huwajibika. Fundi wa ukumbi alikuwa ametoa tarehe ya mwisho. Tena wao wenyewe walikuwa wakitoa kwa kujinyima, wakiwaona wengine waliowazidi kipato wakipita na kapu tupu. Uchungu wao ulikuwa wa kweli. Mchungaji hakupinga wala hakukubali; alisema, "Kama baraza limeona hivyo."

Kwa Jumapili nne bahasha ziliongezeka kwa karibu theluthi, na wazee wakashukuru kwa sala. Wiki ya tano zikaanza kushuka. Kufikia mwezi wa tatu zilikuwa chini ya zilikoanzia, na bahasha kama 40 hazikurudi kabisa. Mhazini aliona jambo jingine ambalo halikuonekana kwenye jumla: bahasha nyingi zilikuja na kiasi kidogo mno, kile tu cha kufanya jina lipate alama. Watu walikuwa wananunua alama ya vema.

Mama mmoja mjane, mwanakwaya wa miaka mingi, aliacha kuja. Mzee wa eneo lake na mkewe walikwenda kumtazama.

"Mama, tumekukosa," mzee alisema.

"Jina langu mmelibandika mlangoni, mwanangu. Sasa nipite mlango gani?"

Hakuwa na hasira, alivyosimulia yule mzee. Alikuwa anauliza kweli. Mle ndani mlikuwa na watoto wawili waliokuwa wakifanya kazi za shule mezani. Ni watoto wa jirani yake aliyefariki, anawalea mwaka wa pili sasa. Kwenye orodha ile nafasi zake zote zilikuwa wazi.

Mzee alirudi na maneno hayo kikaoni, na baraza likaamua orodha iondolewe. Iliondolewa Jumamosi usiku, bila tangazo. Hilo nalihesabu kuwa kosa la pili, na kwa maoni yangu lilidumu kuliko la kwanza. Walioaibishwa hadharani waliombwa radhi kimyakimya, maana yake hawakuombwa. Na kwa kuwa hakuna aliyeeleza, watu walijieleza wenyewe: wengine wakasema mkubwa fulani aliona nafasi zake ziko wazi akaamuru orodha ishushwe.

Kusikiliza kabla ya kufundisha

Hapo ndipo nilipoitwa. Baraza lilikuwa na hoja mezani ya kumwalika mhubiri kutoka nje kwa juma zima la uwakili, "awashe moto". Nilishauri asialikwe. Mhubiri mgeni angeondoka Jumatatu, na moto aliouwasha ungekuta kuni zile zile mbichi. Tukabishana jioni mbili. Mwishowe walikubali jambo lililoonekana dogo mno kwao: vikundi vya nyumbani vyote 14 vikae usiku mmoja na maswali mawili, na mzee atakayekuwepo aruhusiwe kuandika tu, asijibu. Katazo hili la kujibu ndilo walilolichukia zaidi. Lakini mzee akianza kujibu, kikao hugeuka utetezi, na watu wenye adabu huufunga mdomo.

Maswali yalikuwa haya. Mara ya mwisho ulipotoa, ulijua ulichotoa kimekwenda wapi? Na, ni kitu gani ulicho nacho ambacho kanisa halijawahi kukuomba?

Swali la kwanza lilijibiwa karibu kila mahali kwa neno moja. La pili lilichukua usiku. Kikundi baada ya kikundi kilikuwa na mtu aliyebeba mzigo usioonekana: anauguza, analea, analipa deni la ndugu. Vijana walisema bahasha inamdhania mtu ana mshahara wa mwezi; wao kipato chao huja na kupotea, hivyo bahasha yao hukaa tupu na wao huonekana wasiotoa, hali kila Jumamosi ndio wanaofagia kanisa. Mtu mmoja aliyezoea kukaa kiti cha nyuma alisema, "Taa ya juu ya kinanda inawaka na kuzimika huu mwaka wa pili. Mimi ni fundi umeme. Hakuna aliyeniuliza. Nilipewa bahasha."

Na katika vikundi 9 kati ya 14, pasipo kuulizwa, likatoka swali la tatu: fungu la wahitaji liko wapi?

Daftari lilipofunguliwa

Baraza lilifanya maamuzi matatu kwa mpigo. Michango yote ya pembeni isimame miezi mitatu, ibaki sadaka na zaka tu. Sadaka ihesabiwe hapo hapo kanisani mara baada ya ibada, na watu watatu wasio ndugu wala wanandoa, wasaini wote, na wabadilishwe kila mwezi. Na kila mwezi itolewe taarifa ya ukurasa mmoja: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki kwa kila fungu, halafu dakika 10 za maswali.

Uamuzi wa kwanza ulipita kwa kura moja. Hoja ya waliopinga ilikuwa nzito: ukumbi ungekaa mvua nyingine bila paa. Jibu lililowashinda lilitoka kwa mzee kijana kuliko wote, aliyeuliza ukumbi umekaa mvua ngapi wakati michango inaendelea.

La kuhesabu watu watatu lilimuumiza mhazini, na mzee mmoja akamtetea kwa andiko ambalo nimelisikia likitumika hivyo katika zaidi ya usharika mmoja: 2 Wafalme 12:15, kwamba waliokabidhiwa fedha za kutengeneza nyumba ya Bwana hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. "Biblia yenyewe inasema mwaminifu hadaiwi hesabu," alisema. Mchungaji, kwa mara ya kwanza katika mambo haya, akafungua kitabu mbele yao na kuisoma sura yote. Hadithi haianzi kwenye mstari wa 15. Inaanza na makuhani waliokuwa wakipokea fedha miaka na miaka, na hata mwaka wa 23 wa Mfalme Yoashi mabomoko yalikuwa bado hayajatengenezwa. Mfalme akawazuia wasipokee tena. Yehoyada kuhani akatoboa tundu kwenye kifuniko cha kasha, akaliweka karibu na madhabahu. Kasha lilipojaa, walikuja watu wawili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, wakahesabu pamoja. Baada ya hapo ndipo mafundi wanaaminiwa. Uaminifu wa mstari wa 15 umesimama juu ya kasha la mstari wa 9 na wahesabuji wa mstari wa 10.

Halafu akamgeukia mhazini. "Mama, siku ukisingiziwa, nani atakutetea? Sasa hivi hata mimi sina cha kushika mkononi." Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema miaka 14 hajawahi kulala vizuri Jumapili usiku, fedha za kanisa zikiwa chini ya kitanda chake. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewahi kulifikiria hilo.

Kuandaa ile taarifa ya kwanza ndiko kulikofukua jambo. Fungu la wahitaji, kwenye karatasi, lilikuwa na fedha. Kule benki fedha hizo hazikuwepo. Kwa miaka miwili baraza lilikuwa limechota humo kununua saruji na nondo, kila mara kwa muhtasari halali wenye maneno "mkopo wa muda", na hakuna muhtasari hata mmoja uliotaja tarehe ya kurudisha. Karibu theluthi mbili ya fungu ilikuwa imegeuka ukuta.

Kikao kile kilikwenda mpaka usiku wa manane. Wengine walitaka kurudisha polepole bila kusema. Washarika wameshajeruhiwa na orodha, walisema, tusiwaongezee. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Mhazini alitaka kujiuzulu. Mchungaji alikataa kujiuzulu kwake, akakataa na ukimya. Aliwasomea 2 Wakorintho 8:20-21, pale Paulo, akisimamia mchango wa kuwasaidia watakatifu wa Yerusalemu, anaposema wanajiepusha na lawama kwa kutanguliza yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Paulo hakutosheka na kujulikana na Mungu. Alituma ndugu wengine pamoja na Tito.

Jumapili iliyofuata alisoma taarifa yeye mwenyewe. Alipofika kwenye fungu lile alisema, "Mlitoa kwa ajili ya wahitaji. Tukajengea. Hatukuwauliza. Nilikuwepo kikaoni na nilinyosha mkono." Kisha akaomba radhi kwa orodha ya mlangoni, akiitaja kwa jina lake. Akaeleza mpango: ukumbi hautaguswa mpaka fungu lirudi, na sehemu ya kumi ya mapato yote ya kila mwezi itatangulia kwenda huko kabla ya bili yoyote. Usharika wenyewe, kwa maneno mengine, utaanza kutoa fungu la kumi.

Familia mbili zilihama. Mtoaji mmoja mkubwa wa ukumbi alisema amechezewa, na kwa upande wake alikuwa sahihi. Wengine walikaa kimya wiki kadhaa, ule ukimya ambao mtu huwezi kujua kama ni msamaha au ni hesabu zinapigwa.

Mafundisho

Ni baada ya hayo ndipo ulifuata mfululizo wa wiki 8. Wazee walishangaa kuona fedha zimewekwa wiki ya sita.

Wiki ya kwanza ilikuwa juu ya neno lenyewe. Ukisema "wakili", wengi wetu tunamwona mtu mwenye joho mahakamani. Wakili wa Agano Jipya ni msimamizi wa nyumba ya mtu mwingine: ana funguo za ghala, anagawa posho kwa wakati wake, na hakuna chake humo. Yusufu nyumbani kwa Potifa alikuwa hivyo. Na kinachotakiwa kwa mtu huyo, kwa 1 Wakorintho 4:2, ni aonekane kuwa mwaminifu. Mchungaji alilisisitiza hilo "aonekane", akiwaangalia wazee, nao walicheka kicheko cha watu waliokwisha kuumia.

Wiki zilizofuata zilikuwa juu ya muda, mwili na kupumzika, ulimi, vitu tunavyoazimana, kazi ya mikono. Kwenye mfano wa Mathayo 25, wa bwana aliyewakabidhi watumwa wake talanta, ilielezwa kwamba talanta haikuwa kipaji. Ilikuwa uzito wa fedha, kiasi ambacho kibarua angekipata kwa kazi ya miaka ipatayo 20. Hata yule wa talanta moja alikabidhiwa mali nyingi. Somo hili lilibadilisha namna watu walivyojizungumzia. Nilimsikia bibi mmoja akimwambia mwenzake nje, "Kumbe hata ile moja si kidogo."

Wiki ya fedha yenyewe ilirudi kwa Malaki, ikaanza pale ambapo mahubiri ya zaka huwa hayaanzi. Kabla ya kuwagusa watoaji katika sura ya 3, nabii anawageukia makuhani katika sura ya 2 na kuwaambia amri hii yawahusu wao. Mistari mitatu tu kabla ya lile swali la wizi, anawashtaki wanaomwonea mjane, yatima na mtu wa mshahara. Vivyo hivyo kwa Marko: mjane wa senti mbili anaingia mara baada ya Yesu kuwakemea waandishi wanaokula nyumba za wajane. Mtu akisoma Marko 12:40 na 12:42 kwa pumzi moja, anapata shida kumtumia mama yule kuwabana wajane wengine.

Kuhusu fungu la kumi wenyewe hawakuafikiana, na sikuona wakijaribu kuficha. Wazee wengine wanaamini ni amri inayodumu. Wengine wanashika 2 Wakorintho 9:7, kila mtu kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa lazima. Waliamua kwa kura lifundishwe kama mahali pema pa kuanzia, na asikaguliwe mtu. Mzee aliyeleta orodha alipiga kura ya hapana, akaomba iandikwe kwenye muhtasari. Iliandikwa.

Kilichowavuta watu kuliko mahubiri yote, nakiri sikukitegemea: jioni moja ambapo wanandoa wawili wa makamo walikaa mbele na kuonyesha, ubaoni, jinsi walivyotoka kwenye madeni. Hakukuwa na andiko hata moja kwa saa nzima. Viti havikutosha.

Kadi

Wiki ya nane kila mtu alipewa kadi aandike anachoweza kukitoa kisicho fedha. Zilirudi kadi 140. Ushonaji, uhasibu, kukesha na wagonjwa, gari la kubeba watu, ufundi bomba, kufundisha hesabu, "naweza kukaa na watoto wachanga ibada ikiendelea". Kuna aliyeandika tu, "Nina muda."

Zikawekwa kwenye droo ya ofisi.

Baada ya miezi mitatu waliokuwa wameitwa walikuwa 17, wakiwemo fundi umeme, aliyemaliza taa zote kwa alasiri moja. Kila mtu alidhani kuna mtu anayeshughulikia. Katibu alidhani ni kamati, kamati ilidhani ni wazee wa maeneo, nao hawakuwahi kuziona kadi. Aliyeandika "nina muda" aliniuliza mimi, mgeni, kama kadi yake ilipotea. Nilikosa la kumjibu. Kumwomba mtu alichonacho na kisha kukiacha droo ni namna nyingine ya kuacha nafasi yake wazi kwenye orodha.

Walirekebisha kwa kumteua mratibu mmoja, binti aliyekuwa na kazi hiyo hiyo ofisini kwake, na sharti kwamba kila mwenye kadi apigiwe simu ndani ya mwezi hata kama ni kuambiwa bado hakuna la kufanya. Lakini wakati huo wengine walikuwa wameshapoa. Mratibu alipompigia mshonaji mmoja, aliambiwa kwa heshima kwamba sasa ana kazi nyingi.

Hali baada ya miezi 18

Fungu la wahitaji lilirudishwa lote mwezi wa 13, mapema kuliko mpango, kwa sababu mapato yalitulia. Nasema yalitulia, sisemi yalipaa. Jumla ya mwaka ilizidi ile ya kabla ya orodha kwa kiasi cha wastani tu; kilichobadilika zaidi ni kwamba mwezi mbaya na mwezi mzuri havikutofautiana sana tena, na idadi ya watoaji iliongezeka kuliko kiasi. Vijana walipewa njia ya kutoa kila wanapopata, wakiwa hawana bahasha ya mwezi. Wengi hutoa kidogo, lakini hutoa.

Michango ya pembeni ilirudi, mmoja kwa robo mwaka, na hautangazwi mpaka uliopita umetolewa taarifa. Ukumbi ulianza tena mwezi wa 14. Bado hauna paa.

Katika bahasha zile 40 zilizopotea, kama nusu zilirudi. Mama mjane alirudi kwaya mwezi wa tano baada ya radhi. Watoto aliowalea sasa wana msaada kutoka fungu la wahitaji. Aliukataa mara ya kwanza, akaupokea mara ya pili alipoombwa na mke wa mzee, si na mzee.

Uchambuzi

Nikiulizwa ni kitu gani kilifanya kazi, sitataja mahubiri kwanza, ingawa yalikuwa mazuri. Nitataja mpangilio. Viongozi walitoa hesabu kabla ya kudai utoaji. Laiti mfululizo ule wa wiki 8 ungetangulia taarifa ya fungu la wahitaji, na ukweli ukaja kufumuka katikati, naamini usharika ungevunjika. Mafundisho yale yale, maandiko yale yale, yangesikika kama mtego.

Orodha ilishindwa kwa sababu iliyo ya ndani kuliko aibu. Iliwaambia watu kwamba uwakili ni wao kwa viongozi. Wakili ni yule wa kitini, na mwenye mali ni baraza. Ilikuwa imegeuza nyumba. Pia ilipima kitu kimoja kinachopimika na kukiita uaminifu, kwa hiyo mwanamke anayelea yatima wawili alionekana mdaiwa. Ongezeko la wiki nne lilikuwa la kweli, na hilo ndilo linalofanya njia hii iwavutie viongozi wengi: matunda yake huonekana haraka, hasara zake huja baadaye na kimyakimya, nazo huwa hazina sauti kikaoni.

Kuungama kwa mchungaji kulihitaji ujasiri, lakini niwe mkweli, kuliligharimu baraza kuliko yeye. Watu walimhurumia mchungaji na kuwaangalia wazee kwa jicho baya, ilhali yeye ndiye aliyekuwa amewaachia mzigo miaka minne. Kwa maoni yangu angesimama nao mbele, wote 12 pamoja, na kusema "tulinyosha mikono". Nilimwambia. Alisema hakutaka kuwaaibisha hadharani baada ya yale yaliyowapata washarika. Sijui kama tungeafikiana hata leo.

Kusimamisha michango kwa miezi mitatu ndio uamuzi niliouogopa kuliko yote, na ndio ninaoupendekeza kwa wengine kwa tahadhari. Musa aliwahi kuwazuia watu wasilete tena vitu vya kujengea hema takatifu kwa sababu vilivyoletwa vilizidi. Hawa walizuia kwa sababu nyingine kabisa, ya kuwapa watu nafasi ya kupumua na ya kuona. Usharika wenye mishahara ya kulipa na akiba ndogo usingeweza. Huu uliweza kwa kuwa matumizi yake ya lazima yalikuwa madogo.

Kadi zilishindwa kwa jambo dogo la kiutawala, na ndilo linaloniuma zaidi, maana halikuhitaji imani wala fedha. Lilihitaji jina la mtu mmoja kwenye karatasi. Kama ningerudia, nisingegawa kadi hata moja kabla mratibu hajapatikana na kazi 30 hazijaorodheshwa. Ningeanza na taa.

Na kuna ambalo halijaamuliwa. Yule mtoaji mkubwa aliyesema amechezewa amerudi na ahadi: atamalizia paa la ukumbi lote, kwa sharti jina la familia yake liandikwe ukutani juu ya mlango. Wazee sita wanasema ni shukrani ya kawaida, na paa ni paa. Wengine sita wanasema majina na milango wameshayaona. Mchungaji ana kura ya kuamua. Vikao viwili vimepita, na hoja imeahirishwa tena hadi kikao kijacho. Safari hii wameomba vikundi vya nyumbani viulizwe kwanza.